Makumbusho ya Taifa ya Sanaa: Namna ya Kuyatembelea Ukiwa Safarini Bila Kulemewa

Louvre ya Paris huonyesha kazi za sanaa zipatazo 35,000. Ukiipa kila moja nusu dakika, bila kupanda ngazi wala kunywa maji, utahitaji zaidi ya saa 290, yaani siku 36 za saa nane nane. National Gallery ya London ni ndogo ukiilinganisha na hiyo, kwani mkusanyiko wake ni wa picha zaidi ya 2,300, lakini nayo kwa mwendo huohuo ingekula saa 19. Msafiri ana asubuhi moja. Kwa hiyo suala la kumaliza liondoe kabisa kwenye mpango wako. Hakuna anayemaliza, na wanaojaribu ndio unaowaona wamejiinamia kwenye mabenchi saa sita mchana, macho mekundu, ramani chini.

Uchovu huu una historia yake. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman wa Museum of Fine Arts ya Boston alichapisha makala juu yake, akiweka picha za mtu anayeinama, anayechuchumaa na anayenyoosha shingo ili aone vitu vilivyo kwenye makabati ya vioo. Tangu hapo makumbusho yamerekebisha urefu wa kutundikia picha na kupanga vitu, lakini sababu nyingine zimebaki: sakafu ngumu, mwendo wa kusimamasimama ambao huchosha miguu kuliko kutembea moja kwa moja, na zaidi ya yote maamuzi. Kila picha ukutani inakuuliza: unitazame au unipite? Chumba kimoja kinaweza kukuuliza hivyo mara 25. Ukifika chumba cha kumi akili imeshachoka kujibu, na picha zote zinaanza kufanana.

Dawa yake ni kuyafanya maamuzi hayo usiku uliotangulia, ukiwa umekaa, na kuingia ukumbini ukiwa na kazi moja tu ya kufanya, kutazama.

Siku na saa

Usiende siku uliyotua. Mwili ambao haujazoea saa za mahali huzidiwa mapema zaidi ndani ya jengo lenye mwanga hafifu na joto lisilobadilika. Iweke ziara siku ya pili au ya tatu, na siku hiyo usipange jambo jingine zito kabla yake.

Halafu angalia siku ya kufungwa. Makumbusho mengi ya Ulaya hufunga siku moja kwa wiki, na siku hiyo hubadilisha foleni za majirani. Louvre hufungwa Jumanne. Musée d'Orsay, ng'ambo ya pili ya mto, hufungwa Jumatatu. Matokeo yake Jumatatu watu humiminika Louvre, na Jumanne humiminika Orsay. Uffizi ya Florence nayo hufunga Jumatatu. Madrid ni hivyohivyo: Reina Sofía, ilipo picha ya Picasso iitwayo Guernica, hufungwa Jumanne, ilhali Prado iko wazi siku zote saba. Rijksmuseum ya Amsterdam hufunguliwa kila siku ya mwaka.

Saa nzuri ni mbili: mlango unapofunguliwa, na saa mbili za mwisho. Kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri ndipo mabasi ya watalii yanaposhusha makundi. Kama makumbusho yana jioni ndefu, hiyo ndiyo bora kuliko zote. Louvre huchelewa kufunga Jumatano na Ijumaa, na National Gallery ya London huwa wazi hadi saa tatu usiku Ijumaa. Jioni umati hupungua, na walinzi wana muda wa kukujibu ukiuliza njia.

Saa za bure zina mtego wake. Prado huwaingiza watu bila malipo saa mbili za mwisho za kila siku, na foleni huanza kujipanga mapema. Zinamfaa mtu anayetaka kuona kazi mbili tu na kutoka. Anayefika pale kwa mara ya kwanza na ya mwisho ni heri alipie aingie asubuhi.

Tahadhari ndogo kwa aliyezoea saa za Kiswahili: tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24. Ikiandikwa 14:30, hiyo ni saa nane na nusu mchana. Ibadilishe mara tu unaponunua na kuiandika kwenye kalenda ya simu, maana kosa la saa sita hapa halirekebishiki kwa kuomba radhi mlangoni.

Kazi tano, si zaidi

Fungua tovuti ya makumbusho yenyewe, nenda sehemu ya mkusanyiko, na uchague kuonyeshwa zile tu zilizoko ukumbini kwa sasa. Kisha chagua tano. Mgawanyo unaofaa kwa wengi ni huu: mbili maarufu, ambazo ungejuta kurudi bila kuziona, mbili zinazogusa jambo unalolipenda katika maisha ya kawaida, iwe nguo, farasi, bahari au vyombo vya jikoni, na moja ambayo hata kwenye skrini hukuielewa. Hiyo ya tano mara nyingi ndiyo inayozungumzwa zaidi baada ya safari.

Kwa nini tano? Dakika kumi kwa kila moja ni dakika 50. Ongeza dakika 20 za kutembea, maana majengo haya ni marefu, na dakika 15 za kukaa. Unapata karibu saa moja na nusu, na hapo ndipo watu wengi huanza kutazama bila kuona. Mwenye uzoefu anaweza kufika saa mbili. Zaidi ya hapo ni ukaidi.

Kwa kila kazi andika mambo manne: jina la mchoraji, jina la kazi kwa lugha ya mahali, namba ya chumba na ghorofa. Jina la lugha ya mahali lina maana yake, kwa kuwa vibao vya njia na walinzi hutumia hilo. Ukimwuliza mlinzi wa Prado kuhusu Las Meninas, picha maarufu ya Velázquez, atanyoosha mkono mara moja. Ukilitafsiri jina hilo, mtabaki mnatazamana.

Sasa zipange kwa ghorofa na chumba, si kwa umaarufu. Hapa ndipo mipango mingi huvunjika. Mtu huandika tano zilizosambaa pembe zote za jengo, akaishia kutumia muda mwingi kwenye ngazi. Pale Louvre, kwa mfano, Mona Lisa iko chumba namba 711, ghorofa ya kwanza ya upande uitwao Denon, wakati wachoraji wa Uholanzi na Flandria (kaskazini mwa Ubelgiji ya leo) wako ghorofa ya pili ya upande wa Richelieu, ng'ambo ya pili ya uwanja. Kuunganisha pande hizo mbili ndani ya saa moja na nusu kunawezekana, ila nusu ya ziara itakuwa korido. Chagua upande mmoja na ghorofa mbili zinazopandana.

Usiku wa kuamkia ziara, hakiki tena. Kazi hutoka ukutani kwa sababu nne: imeazimwa na makumbusho mengine, iko kwa mafundi wa uhifadhi, chumba chake kimefungwa siku hiyo, au ni ya karatasi. Hii ya mwisho huwashangaza wengi. Michoro ya penseli, ya wino na ya rangi za maji huharibiwa na mwanga, na uharibifu huo haurudi nyuma. Ndiyo maana huonyeshwa kwa miezi michache katika mwanga hafifu wa takriban laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), kisha hurudishwa gizani kwa miaka. Ukimpenda mchoraji kwa michoro yake ya karatasi, usifunge safari kabla ya kuhakikisha iko nje. Kuhusu vyumba kufungwa, Louvre hutangaza kwenye tovuti yake vile visivyofunguliwa siku fulani. Ni ukurasa usiopendeza lakini wa maana kuliko kurasa zote za pale.

Tiketi

Nunua kwenye tovuti rasmi. Ukitafuta kwenye intaneti, matokeo ya kwanza mara nyingi ni ya wauzaji wa kati wanaoongeza bei na kuifungasha tiketi pamoja na vitu usivyohitaji. Soma anwani ya tovuti yenyewe, usiangalie nembo. Ukishanunua, hifadhi tiketi kama picha ndani ya simu, kwa sababu mtandao kwenye milango yenye umati huzidiwa. Angalia pia kama kuna dakika za kuvumiliwa ukichelewa, na kama tiketi yenye punguzo inadai kitambulisho.

Makumbusho ya bure, kama National Gallery ya London au National Gallery of Art ya Washington, yakufanye ubadilishe mbinu. Kwa kuwa hulipi chochote kuingia, gawanya ziara: dakika 45 leo, 45 keshokutwa. Ziara mbili fupi hukuachia zaidi ya moja ndefu, na ni faida ambayo wasafiri wachache hukumbuka kuichukua.

Mlangoni na sehemu ya kuachia mizigo

Mifuko hukaguliwa kwenye mashine kama uwanja wa ndege. Sanduku la safari liache hotelini. Louvre haipokei mzigo unaozidi sentimita 55 kwa 35 kwa 20, hata kwenye makabati yake, kwa hiyo ule mpango wa kupitia makumbusho njiani kwenda kupanda ndege haufanyi kazi. Begi la mgongoni utaambiwa ulivae mbele au uliache. Sababu yake ni rahisi: mtu mwenye begi mgongoni akigeuka, hajui mgongo wake umegusa nini.

Acha pia koti na mwavuli. Koti la kilo moja mkononi haliumi dakika ya kwanza, ila dakika ya sitini linauma bega na kiuno. Ubaki na simu, miwani yote unayotumia pamoja na ile ya kusomea, penseli fupi na daftari dogo, na fulana nyepesi ya mikono mirefu. Fulana kwa sababu kumbi huwekwa kwenye takriban nyuzi 20 kwa ajili ya kazi, si kwa ajili ya wageni, na anayesimama bila kutembea husikia baridi. Penseli kwa sababu kumbi nyingi haziruhusu kalamu ya wino karibu na kazi. Kama utatumia mwongozo wa sauti kwenye simu, pakua programu yake hotelini na uje na spika zako za masikioni. Viatu viwe vyenye soli laini, vilivyokwisha kuzoea mguu. Sakafu ni ya mawe au mbao ngumu kila mahali.

Msalani uende sasa. Vyoo vya katikati ya jengo ni vichache na viko mbali kuliko ramani inavyoonyesha.

Dakika kumi za kwanza

Usitazame kazi yoyote. Chukua ramani ya karatasi, hata kama unayo ya simu, kwa kuwa karatasi inaonyesha jengo zima kwa pamoja na haiishiwi chaji. Weka alama vyumba vyako vitano na uunganishe kwa mstari. Kumbuka kwamba Ulaya ghorofa ya chini huandikwa 0, wakati Marekani hiyohiyo mara nyingi ni 1, kwa hiyo "ghorofa ya kwanza" inaweza kuwa mahali pawili tofauti. Usidhani pia kwamba ghorofa zimepangwa kwa karne kutoka chini kwenda juu. Pale Rijksmuseum karne ya 17, ambayo ndiyo inayowaleta watu wengi, iko ghorofa ya pili, na karne mbili zinazoifuata ziko chini yake.

Panda lifti hadi kituo chako cha mbali zaidi, kisha uwe unarudi kuelekea mlangoni. Kuna sababu mbili. Kwanza, wageni wengi huanza na vyumba vya karibu na kujaza huko. Mtafiti wa Kimarekani Arthur Melton alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba wageni wengi wakiingia ukumbini hugeukia kulia. Anayeanza mwisho au kushoto hupishana nao badala ya kuwafuata. Pili, uchovu ukikukuta, utakuwa karibu na njia ya kutokea na si kilomita nzima ndani.

Vyumba vilivyo kati ya vituo vyako vipite. Hakuna mwenye haki ya kudai usimame. Jiruhusu kusimama mara moja tu nje ya orodha, kwa kitu kitakachokuvuta chenyewe ukiwa unapita. Kikija cha pili, piga picha kibandiko chake, yaani kile kikaratasi cha maelezo kilicho kando yake, uendelee.

Dakika kumi mbele ya picha moja

Mwaka 2001 Jeffrey na Lisa Smith walichapisha vipimo walivyochukua Metropolitan Museum ya New York: mgeni alitumia wastani wa sekunde 27 mbele ya kazi kubwa maarufu, kusoma kibandiko kukiwemo. Dakika kumi basi ni karibu mara ishirini ya kawaida, na watu huogopa kwamba hawatajua la kufanya nazo. La kufanya lipo. Tuchukue picha ya Vermeer, mchoraji Mholanzi, ya mtumishi anayemimina maziwa, iliyochorwa mnamo 1660, iliyoko Rijksmuseum. Ni ndogo, sentimita 45.5 kwa 41.

Dakika ya kwanza simama mita tatu nyuma. Usisome chochote. Angalia tu jicho lako linatua wapi kwanza na linakwenda wapi kisha. Kwa wengi ni mkono na mtungi, kisha mkate, kisha uso. Mchoraji ndiye aliyelipangia jicho njia hiyo: nguo ya juu ya manjano na aproni ya buluu ndizo rangi nzito kuliko zote pale, na dirisha liko kushoto ili mwanga uangukie hapohapo.

Dakika ya pili na ya tatu jiulize mwanga unatoka wapi na unaishia wapi. Fuata kivuli. Utaona kwamba ukuta ule unaodhaniwa kuwa mweupe si mweupe. Karibu na dirisha ni wa kijivu, nyuma ya bega la kulia unang'aa, na ukingo wa mwili unajitokeza kwa tofauti hiyo.

Kisha sogea hadi hatua moja, mikono nyuma. Hapa ndipo muda unalipa. Juu ukutani kuna msumari mtupu, na msumari huo una kivuli chake. Karibu yake kuna matundu ya misumari iliyokwisha kung'olewa. Kioo kimoja cha dirisha kimevunjika. Mkate umepambwa kwa vitone vya rangi nene vinavyometa, lakini ukivitazama kwa karibu havifanani na mkate hata kidogo. Chini kulia, sakafuni, kuna kisanduku chenye matundu juu: ni cha kupasha miguu joto, huwekwa makaa ndani. Nyuma yake kuna safu ya vigae vidogo vyenye picha.

Rudi nyuma dakika mbili, uitazame tena nzima. Utagundua kwamba ukuta mtupu ndio uliochukua sehemu kubwa ya picha, na kwamba umeachwa mtupu kwa makusudi. Utafiti ambao Rijksmuseum iliutangaza mwaka 2022 ulionyesha kuwa nyuma ya kichwa cha mtumishi Vermeer alianza kuchora kishikio cha kutundikia mitungi, kisha akakifunika. Taarifa hiyo ukiisoma baada ya kutazama inakuwa jibu la jambo uliloliona mwenyewe. Ukiisoma kabla, ni habari tu.

Njia hii inakubali picha yoyote: mbali bila kusoma, fuata mwanga, karibu kwa ajili ya vitu vidogo, mbali tena, kisha kibandiko. Kwa picha kubwa geuza vipimo. Night Watch ya Rembrandt, ya mwaka 1642, ina urefu wa karibu mita 3.8 na upana wa mita 4.5, ianze ukiwa mwisho kabisa wa ukumbi. Kwa sanamu, izunguke mara moja nzima kabla ya kusimama popote, kwani upande ambao watu hawapigi picha mara nyingi ndio wenye alama za patasi.

Neno kuhusu kukaribia. Umbali salama ni karibu nusu mita, na kengele nyingi zimetegwa hapo. Kinachoziwasha zaidi si uso bali kidole cha anayemwonyesha mwenzake jambo. Eleza kwa maneno, na kamwe usionyeshe kwa penseli.

Kibandiko kinasema nini

Vibandiko hufuata karibu mpangilio mmoja: mchoraji na miaka yake, jina la kazi, mwaka, kilichotumika, halafu namna kazi ilivyopatikana na namba yake. Mstari wa kilichotumika usiuruke. Rangi za mafuta juu ya turubai na rangi za mafuta juu ya ubao ni vitu viwili tofauti kwa macho: ubao ni laini na huruhusu mstari mwembamba kama unywele, turubai ina nyuzi zinazojitokeza.

Namba iliyo chini kabisa ndiyo watu hawaisomi kabisa, na ndiyo ya kupiga picha. Ni anwani ya kazi hiyo. Picha ya Jan van Eyck ya mume na mke wa ukoo wa Arnolfini, ya mwaka 1434, ni NG186 pale London. Las Meninas ni P001174 pale Prado. Ukiiandika namba hiyo kwenye tovuti ya makumbusho husika baadaye utaikuta kazi yenyewe bila kuhangaika na tahajia ya majina. Kwenye makumbusho mengi ya Marekani namba huanza na mwaka kazi ilipoingia: picha ya Leonardo ya Ginevra de' Benci iliyoko Washington ni 1967.6.1.a, kwa kuwa ilinunuliwa 1967.

Kazi yenye umati

Mona Lisa ina sentimita 77 kwa 53, iko nyuma ya kioo, nyuma ya kizuizi, nyuma ya foleni. Utaiona kwa mbali kuliko unavyodhani na kwa muda mfupi. Una njia mbili za busara. Ama iwe kituo chako cha kwanza, ukitembea moja kwa moja mlango unapofunguliwa, ama uiache. Kuijia katikati ya mchana, katikati ya orodha, ni kuupa umati nguvu zote ulizobakiza.

Ukiingia, piga picha yako kwanza, haraka, kisha simu iingie mfukoni na dakika iliyobaki iwe ya macho. Halafu geuka. Ukuta wa mbele yake umebeba karamu ya harusi ya Kana iliyochorwa na Veronese, picha yenye upana wa karibu mita kumi, kubwa kuliko zote za Louvre, na watu wengi wako wameipa mgongo. Jambo hili hutokea kila mahali: kwenye chumba cha kazi maarufu, ukuta wa pili huwa na nafasi.

Kukaa, na kujua umechoka

Kaa kila baada ya dakika 30 hadi 40, hata kama hujahisi haja. Kaa mbali na picha zilizo kwenye orodha yako, tazama dirishani au sakafuni. Mkahawani nenda kabla ya saa sita mchana. Ukitaka kutoka nje kidogo, uliza kwanza, maana makumbusho mengi yenye tiketi hayakuruhusu kurudi kwa tiketi ileile.

Dalili kwamba basi ni tatu. Unasoma vibandiko bila kuinua macho. Unapiga picha za kazi ambazo hukuzitazama. Au unaanza kuchukizwa na watu wengine ukumbini. Ikitokea ya kwanza, kaa dakika kumi. Zikitokea mbili kwa pamoja, toka, hata kama zimebaki kazi mbili.

Wenye usingizi wa safari wajue kwamba vyumba vya michoro ya karatasi, kwa ule mwanga wake hafifu, huwalaza kabisa. Viweke mwanzo.

Mkiwa wengi

Watu wawili wenye mwendo tofauti wakishikana mkono makumbusho nzima, wote wawili huharibikiwa. Achaneni, mkutane saa fulani mbele ya kitu kinachojulikana kwa jina, si "pale mlangoni", kwani milango ni mingi.

Watoto hubadilisha hesabu: kazi tatu, dakika 45. Hila moja hufanya kazi karibu kila mara. Anzia dukani badala ya kumalizia hapo. Kila mtoto achague kadi za posta tatu za kazi zilizoko ukumbini, kisha azitafute. Mtoto mwenye kadi mkononi hutazama kwa makini kuliko mzazi wake, kwa sababu anahakiki.

Yanayokwenda kombo

Kazi haipo ukutani na hakuna aliyekuambia: kutakuwa na kikaratasi mahali pake kinachosema iko wapi. Usiitafute mbadala ukiwa umesimama pale na hasira. Nenda kituo kinachofuata.

Picha haziruhusiwi: Prado hairuhusu kupiga picha kumbini, na wageni hukemewa kila dakika. Kwingine picha zinaruhusiwa bila mwanga wa flashi na bila fimbo ya kushikia simu.

Muda wa kufunga si muda wa kutoka mlangoni. Walinzi huanza kufunga vyumba kati ya dakika 15 na 30 kabla, wakianzia vya mbali, na mlango wa kuingilia hufungwa mapema zaidi. Tiketi ya saa ya mwisho kwa hiyo ni ya dakika 30 za kutazama.

Na ile nafuu ya kuona yote kwa kuunganisha makumbusho mawili siku moja, kwa sababu tu kadi ya watalii inaruhusu: kadi hizo hufanya akiba ya fedha kwa kutumia miguu yako. Makumbusho moja makubwa kwa siku.

Ukishatoka, kaa mahali kabla ya kupanda basi na uandike mstari mmoja kwa kila kazi, kitu kimoja ulichokiona na ambacho hakikuandikwa kwenye kibandiko. Picha za vibandiko zitenge na nyingine kwenye simu jioni hiyohiyo, kabla hazijapotea kati ya picha za mitaa. Rijksmuseum hukuruhusu kupakua bure picha za kazi zake nyingi zikiwa na ubora wa kutosha kuukuza ule msumari hadi ujaze skrini.